Uliza Anko: Hilo tamasha la jazi la Saint Lucia lina nini hasa?

Mambo vipi wasomaji wangu. Toleo lililopita tuliweka picha mbili za tamasha la jazi la Saint Lucia, moja ya watu wamekaa kwenye majani wanaangalia jukwaa na bahari ipo nyuma yake, nyingine ya mzee anapiga gitaa, na chini yake mistari minne ya maelezo basi. Kumbe tumechokoza nyuki. Meseji zimekuja mpaka za sauti za dakika nne nne, nimezisikiliza zote kwakweli, na zile zilizouliza kitu kilekile nimezichanganya nikajibu pamoja. Tuanze.

SWALI: Shikamoo anko. Mi nasoma chuo hapa Morogoro. Kwanza Saint Lucia ndo wapi? Alafu kwanini kisiwa kidogo kihangaike na jazi wakati jazi ni mambo ya Marekani, wanapata nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Fungua ramani, tafuta bahari ya Karibi, upande wa mashariki kabisa utaona visiwa vidogo vimepangana kama shanga. Shuka navyo taratibu, ukishapita Martinique ya Wafaransa kinachofuata ni Saint Lucia, na ukikivuka unakutana na Saint Vincent. Kisiwa chote kina kilomita za mraba kama 617, yani Unguja peke yake inakizidi zaidi ya mara mbili, na watu wake ni kama 180,000 hivi. Mji mkuu unaitwa Castries.

Sasa kwanini jazi. Wengi wanadhani lilianza kwa mapenzi ya muziki tu, hapana, lilianza na vyumba vitupu. Msimu wao wa watalii ni kuanzia Desemba mpaka Aprili, wakati Ulaya na Marekani watu wanatetemeka kwa baridi, ikifika Mei wageni wanaondoka na hoteli zinabaki wafanyakazi wanatazamana. Ndo mwaka 1992 bodi yao ya utalii ikaanzisha hili tamasha na kulipanga Mei makusudi, na kwa miaka mingi kilele chake kikawa Jumapili ile ya sikukuu ya akina mama. Televisheni ya BET ya Marekani ikawa inalionyesha, Wamarekani weusi wakakijua kisiwa ambacho wengi wao walikuwa hawajawahi hata kukisikia, wakaanza kwenda.

Na nyuma ya hizo hoteli kuna ndizi, hapa ndo naomba unisikilize vizuri. Miaka ile kisiwa kilikuwa kinaishi kwa ndizi, mkulima ana heka zake mbili tatu kwenye mteremko, anakata, anafunga kwenye boksi, meli inapakia inapeleka Uingereza, ambako visiwa vile vilikuwa na upendeleo wa soko tangu enzi za ukoloni. Marekani na nchi kadhaa za Amerika ya Kusini na ya Kati zikapeleka malalamiko Shirika la Biashara Duniani, mwaka 1997 Ulaya ikashindwa ile kesi, na ule upendeleo ukaanza kumenywa kidogo kidogo. Mtu wa heka mbili mlimani atashindana vipi na mashamba ya kampuni kubwa yaliyo kwenye tambarare? Wengi wakaacha kabisa. Kwahiyo tamasha ambalo mwanzoni lilikuwa la kujaza vyumba tu, miaka michache baadae likajikuta limebeba mzigo mzito zaidi, mana mtoto wa mkulima wa ndizi sasa ndo dereva wa teksi, mpishi, fundi wa spika. Watu wa mkonge Tanga na watu wa karafuu Pemba hiyo hadithi hawahitaji kuelezwa mara mbili.

Kuhusu jazi kuwa ya Marekani, subiri, kuna mtu wa Mombasa kaniletea moto hapo chini, nitawajibu pamoja.

SWALI: Anko habari za kazi. Nafanya kazi hoteli moja huku kaskazini Unguja. Nilipoona zile picha nikajiuliza, lile tamasha ni la wenyeji au ni la wageni? Mana huku kwetu kuna watu wakisikia tamasha wanasema hayo ni ya wazungu, wao hawaendi.

JIBU: Hili ndo swali nililolipenda kuliko yote, nimekaa nalo siku mbili.

Ile picha ya majani na bahari ni Pigeon Island, kaskazini ya kisiwa karibu na mji wa Gros Islet. Zamani kilikuwa kijisiwa kimejitenga kabisa, miaka ya 70 wakamwaga kifusi na kukiunganisha na nchi kavu, leo unakwenda kwa miguu. Juu ya kilima kuna magofu ya ngome ya Waingereza, ndo hapo admirali wao Rodney alikuwa anachungulia meli za Wafaransa zikitoka Martinique, mana hao wawili walinyang'anyana kisiwa mpaka kikabadilisha mikono mara 14. Sasa chini ya ile ngome ndo kunakaa jukwaa kubwa. We unayetoka Unguja nadhani umeshashtuka, na sisi tamasha letu la muziki la Sauti za Busara linapigwa ndani ya Ngome Kongwe, ngome ya Waarabu wa Omani. Visiwa viwili, bahari mbili tofauti, watu wamechukua sehemu iliyojengwa kwa mizinga wakaweka magitaa. Nilipoligundua hilo nilifurahi peke yangu kama mtoto.

Ila tiketi ya Pigeon Island ni ya pesa ndefu, na mtu wa kawaida wa Castries kuinunua ni kujibana. Kama wangeishia hapo basi wale wanaosema ni ya wageni wangekuwa na haki yao. Kilichookoa ni kwamba tamasha halikukubali kukaa sehemu moja. Pale katikati ya Castries kuna uwanja mdogo wenye miti unaitwa Derek Walcott Square, kwa jina la mshairi wao aliyepata Nobeli mwaka 1992, mwaka uleule tamasha linaanza, na hapo wakawa wanapiga muziki mchana bure kabisa, karani katoka ofisini na mkate wake mkononi, mama wa sokoni kakaa na kapu lake, wanasikiliza saksafoni. Alafu likashuka vijijini. Soufrière kule chini ya ile milima miwili iliyochongoka, Laborie na Vieux Fort upande wa kusini, Fond d'Or karibu na Dennery kwenye magofu ya shamba la miwa la zamani. Huko jukwaani unakuta bendi za kisiwani zenyewe, anayeuza samaki wa kuchoma ni jirani yako, na anayeongea kwenye maiki anaongea Kikrioli, lugha yao ya nyumbani. Mimi kwa maoni yangu tamasha ni hilo la Laborie na Fond d'Or, lile la Pigeon Island ni tangazo lake.

Na watu wa kule hawakufundishwa kukusanyika na bodi ya utalii. Wana vyama viwili vya kuimba vya tangu zamani, kimoja La Rose na kingine La Marguerite, yani waridi na ua jingine, na kila chama kina mfalme wake na malkia, kina majaji, polisi, manesi, vyeo vyote watu wanapeana, wanashindana kwa nyimbo na kwa mavazi. La Rose sherehe yao Agosti 30, La Marguerite Oktoba 17. Haya niambie, hiyo si beni hiyo? Babu zetu walikuwa na Marini na Arinoti, wafalme na makamanda wa ngoma, wanatambiana barabarani kwa gwaride na matarumbeta. Mwimbaji mkubwa wa nyimbo hizo za asili kule alikuwa Sessenne Descartes, alifariki 2010, na mtu wa Saint Lucia ukimtajia hilo jina anainama kidogo, kama sisi tunavyomtaja Bi Kidude.

Kwahiyo dada au kaka yangu wa kaskazini, hukusema we ni nani, jibu langu ni kwamba wageni ndo waliolengwa ila wenyeji wakalichukua. Huku kwetu Busara imeanza 2004, kila Februari, kiingilio cha Mtanzania kimewekwa chini sana ya kile cha mgeni, na siku ya ufunguzi kuna maandamano ya ngoma mitaani ambayo hayana kiingilio. Mimi nimesimama Ngome Kongwe usiku wa manane, mbele yangu kuna kijana wa Michenzani anaimba kila neno la bendi iliyotoka bara, jasho linamtoka, huyo ndo mgeni? Lakini kuna tofauti moja kubwa na inaniuma. La kwao lina mkono wa serikali toka mwanzo, limeandikwa kwenye bajeti ya utalii. La kwetu limebebwa na taasisi isiyo ya serikali inayozunguka kuomba wafadhili kila mwaka, na mwaka 2016 pesa ikakosekana, tamasha halikufanyika. Hoteli mwezi ule zinajaa kwa sababu ya muziki. We upo humo ndani, muulize bosi wako kwa heshima zote, hoteli yenu inachangia nini?

SWALI: Anko mimi ni wa Mombasa na sikubaliani na nyinyi. Nimetafuta video za hilo tamasha naona soca (ule muziki wa Karibi, siyo mpira), rege, R&B, wasichana wanaruka, jazi iko wapi? Waache kuita jazi kitu ambacho si jazi, huo ni kudanganya watu.

JIBU: Ndugu yangu wa Mombasa, hoja yako ina uzito na hauko peke yako, hata kisiwani kwenyewe huo ubishi upo miaka yote. Ni kweli miaka ya mwanzo jazi ilikuwa nyingi zaidi, baadae ili kujaza watu wakaanza kuita wasanii wakubwa wa soul na R&B na rege, na kila msanii mkubwa ana bei yake, na hiyo bei ni pesa ya umma, kwahiyo lazima watu wahoji. Mwaka 2013 wakabadilisha jina likawa tamasha la jazi na sanaa, angalau wakawa wakweli zaidi. Mwaka 2019 wakashirikiana na Jazz at Lincoln Center ya New York, hao jamaa wa jazi yenyewe, na jazi ikarudi mbele. Korona ikalizima 2020 na 2021, likarudi 2022 na mchanganyiko wake uleule.

Sasa hapa naomba nikubishie kidogo. Unasema jazi ni hii na si ile, na kijana wa Morogoro anasema ni mambo ya Marekani. New Orleans yenyewe ilijaa watu wa Karibi. Baada ya mapinduzi ya Haiti watu walikimbilia Cuba, Cuba nayo ikawafukuza, na mwaka 1809 zaidi ya 9,000 wakashukia New Orleans, watumwa, watu weusi huru na wazungu, mji mzima ukaongezeka karibu mara mbili. Wale hawakuja mikono mitupu, walikuja na ngoma zao. Jelly Roll Morton, mpiga piano wa zamani kabisa wa jazi, alikuwa anasema bila ule mdundo wa Kihispania hujapata ladha ya jazi, na alimaanisha mdundo uliotoka visiwani. Martinique pale jirani na Saint Lucia kuna muziki unaitwa biguine, una klarineti na tromboni, ukiusikia bila kuambiwa unaweza ukasema ni New Orleans. Kwahiyo kisiwa cha Karibi kupiga jazi siyo kuazima nguo ya jirani, ni kurudishiwa ya kwako ikiwa imefuliwa.

Jingine, tafuta unaitwa Dennery Segment, muziki wa vijana wa Saint Lucia, wa kasi sana. Mdundo wake umetokana na kuduro ya Angola. Yani vijana wa kijiji cha wavuvi kule Karibi wamesikia muziki wa Luanda wakaugeuza wa kwao. Mimi mtu akiniambia hao wasipande jukwaa la tamasha la kwao kwa sababu siyo jazi, roho yangu inakataa. Ila nakubaliana na wewe kitu kimoja, kwenye tamasha lenye neno jazi lazima kuwe na usiku ambao watu wanakaa kimya na mtu mmoja anabuni hapohapo mbele yao hajui atafika wapi. Huo usiku ukipotea basi kweli wabadilishe jina.

SWALI: Kijana wangu, mimi ni mzee wa Tanga, umri umesogea. Enzi zetu tulicheza Atomic Jazz na Jamhuri Jazz hapa hapa mjini. Leo mjukuu wangu ananiambia ile haikuwa jazi. Nimjibu nini?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nimesoma ujumbe wako nikamkumbuka baba, alikuwa na sahani za Western Jazz kwenye boksi la sabuni na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa.

Mjukuu ana haki kwa kitabu, wewe una haki kwa maisha, na mkikaa pamoja mtaelewana. Mwambie hivi. Huku kwetu neno jazi halikuwa jina la mtindo, lilikuwa jina la kundi. Ukiwa na ngoma zako za jadi ni ngoma, ukiwa na matarumbeta ya gwaride ni beni, ukikusanya vijana wenye vyombo vya kisasa wanaopigia watu dansi ya wawili wawili ukumbini, hiyo ni jazi. Dar es Salaam Jazz Band ilianza miaka ya 30 mwanzoni, Morogoro Jazz ikaja miaka ya 40, NUTA Jazz 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ambayo ndo Msondo Ngoma ya leo. Kule Kinshasa wakina Franco wakaita OK Jazz mwaka 1956, upande wa ziwa akina Misiani wakaita Shirati Jazz wakati wanapiga benga tupu. Hakuna aliyekuwa anamdanganya mtu, kila mtu alijua akienda jazi anaenda kukuta nini.

Na kitu kilichokuwa kinapigwa kilitoka wapi? Hapa mzee wangu ndo utafurahi. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilitoa sahani zilizoandikwa herufi GV, nyingi zilikuwa muziki wa Cuba, son na rumba, zikauzwa Afrika nzima, na pwani yetu zilipendwa vibaya sana. Salum Abdallah wa Morogoro alizisikiliza mpaka bendi yake ya kwanza akaiita La Paloma na ya pili Cuban Marimba, mtu ambaye Cuba kaijua kwenye santuri. Mdundo ule babu zetu walipelekwa nao kwenye meli za utumwa, ukakaa visiwani miaka mamia, ukarudi umeandikwa GV, sisi tukaupokea na kuupa jina jazi. Kwahiyo mjukuu akikuuliza tamasha la jazi la kisiwa cha Karibi linatuhusu nini, mwambie babu yako amelicheza Tanga mjini akiwa na viatu vya kung'aa.

Na kama una picha za enzi hizo, mzee wangu, tafadhali mpe huyohuyo mjukuu azipige kwa simu atutumie. Tutaziweka humu kwa heshima na jina lako kama ukiridhia.

SWALI: Hi anko, mimi ni nesi niko London mwaka wa saba sasa, mtoto wa Kigoma. Sisi wanawake watatu tumeshaanza kuchanga, tunataka kwenda mwakani. Tujipange vipi?

JIBU: Hongereni sana, mnastahili kabisa hiyo likizo baada ya zile zamu za usiku. Kutoka London mko pazuri mana kuna ndege za moja kwa moja, kama saa nane na nusu au tisa hivi angani. Lakini tahadhari moja, ndege kubwa zinatua Hewanorra, uwanja uko Vieux Fort kusini kabisa, na Pigeon Island iko kaskazini kabisa, ramani inadanganya, njia ni kona na milima, hesabuni saa moja na nusu barabarani. Ukikodi teksi peke yako ni pesa, mkiwa watatu mnagawana. Kuna uwanja mwingine mdogo hapo Castries ila huo ni wa ndege ndogo za visiwani.

Malazi wekeni mapema, na mimi ningewaambia mlale Gros Islet au Rodney Bay, mnatembea au mnapanda basi dogo. Basi zao ni Hiace, zilezile unazozijua, zinajaa ndo zinaondoka, na muziki juu, za Castries kwenda Gros Islet zimeandikwa 1A. Wanaendesha kushoto kama kwetu. Hela yao ni dola ya Karibi Mashariki, dola moja ya Marekani ni 2.70 ya kwao na bei hiyo haijabadilika tangu 1976, kwahiyo mkiambiwa bei ulizeni kwanza ni dola ipi, mana mgeni anayenyamaza anaweza akalipa mara mbili na zaidi kwa kutouliza tu. Aliyebakia na pasi ya Tanzania kati yenu aulize mambo ya viza mapema, masharti yanabadilika.

Jambo la muhimu kuliko hayo yote, msinunue tiketi za Pigeon Island siku zote. Nunueni siku moja au mbili, zile nyingine angalieni ratiba ya mwaka huo, mfuate majukwaa ya vijijini na pale uwanjani Castries kama yapo. Ijumaa usiku Gros Islet barabara inafungwa, watu wanachoma samaki na kuku, wanacheza barabarani mpaka usiku mkubwa, huo mtindo upo kila wiki mwaka mzima, tamasha liwepo lisiwepo. Bebeni khanga za kukalia kwenye majani, na koti jepesi la mvua, Mei mvua inaweza ikapita dakika kumi ikaondoka. Kiingereza kinatosha ila nyumbani wanaongea Kikrioli chenye asili ya Kifaransa, ukimwamkia mtu bonjou kabla hujauliza chochote atakupokea tofauti kabisa, yani ni kama kwetu, huwezi kumvamia mtu na swali kabla ya salamu. Ukishukuru sema mèsi.

SWALI: Wanakula nini huko? (Mama Ntilie, Kahama)

JIBU: Mama, ungefungua kibanda kule usingelala njaa. Chakula chao cha taifa ni ndizi mbichi za kuchemsha, wenyewe wanaziita fig, na samaki aliyekaushwa kwa chumvi, kama ng'onda wetu ila wao ni samaki anaitwa chewa wa bahari za baridi, anachambuliwa anakaangwa na vitunguu na pilipili hoho. Shelisheli wanalo tele, wanalichoma kwenye moto mzima mzima. Asubuhi wanakunywa kakao ya kusaga, maziwa, mdalasini na kungumanga, na maandazi yao yasiyo na iliki. Watu wa Kyela mnaolima kakao na kuiuza yote nje, jaribuni hiyo.

SWALI: Anko mambo. Mi napiga saksafoni, niko Dar, miaka 22, nimejifunza kanisani. Hivi mtu kama mimi anaweza kufika kwenye jukwaa kama lile? Au nijikalie tu na harusi?

JIBU: Poa mdogo wangu. Kwanza harusi usizidharau, harusi ndo zinakufundisha kupiga saa sita bila kuchoka na kumsoma mtu anataka nini kabla hajasema.

Sasa nikujibu kwa mfano wa kule. Saint Lucia ina mpiga gitaa anaitwa Ronald Hinkson, wote wanamwita Boo, na mpiga saksafoni Luther François. Hawa hawakuanza kupiga siku tamasha lilipoanza, walikuwa wanamuziki tayari, walikuwa wanajua nyimbo za bibi zao na wanajua jazi, tamasha lilipokuja likawakuta wana kitu mkononi. Ukimsikiliza Boo unasikia Karibi kwenye kila noti, hamuigi Mmarekani. Wewe una nini cha kwako? Uliyojifunza kanisani ni mtaji mkubwa, kwaya zetu zina sauti nne ambazo watu wa nje wanazishangaa. Ongeza na hizi, chukua nyimbo kumi za Mbaraka Mwinshehe, zile sehemu za gitaa la solo, uzipige zote kwa saksafoni bila kukosea. Alafu nenda Zanzibar kwenye chuo cha muziki cha Dhow Countries, kimefunguliwa 2002, kaa na watu wa taarabu, wakufundishe makamu, yani ile mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu, ujue ile sauti iliyo katikati ya noti mbili za piano. Mpiga saksafoni mwenye kwaya, dansi na makamu kwenye pumzi moja, mimi sijui wangapi duniani wapo.

Kwenye kupeleka maombi, usianze na mbali. Busara wanapokea maombi kila mwaka na wanachotaka ni muziki unaopigwa laivu, siyo wa kuwekea wimbo uliorekodiwa na wewe unafungua mdomo. Jukwaa hilo linatembelewa na watu wa matamasha ya nchi nyingine, wanakuja kutafuta vipaji, kwahiyo ukipiga vizuri pale hujapiga kwa Zanzibar peke yake. Tafuta wenzako watatu, besi, ngoma na kinanda, rekodini video moja ya dakika tano, kamera isimame sehemu moja, bila kukatakata, sauti itoke kwenye chumba chenye mapazia ili isirudi mwangwi. Mkimaliza nitumie na mimi. Kama ile sehemu ya katikati unayobuni mwenyewe haizidi nusu dakika nitakurudishia uirudie.